Barafu, kilo na ndege ndogo: vifaa vya usalama visingoje vifo

Asubuhi, katika viwanja vidogo vya ndege vya mashariki ya Congo, kazi inaanza na mizigo. Ndege ya moteri moja, mara nyingi Cessna Caravan, imesimama kando ya pisti, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi. Katoni za dawa zinaingia kwanza, kisha magunia, kisha mabegi ya abiria, mwisho abiria wenyewe. Jua limekwisha kupanda na jasho linatoka. Mtu akisema katika mstari ule kwamba ndege ya aina hii imekwisha kuangushwa na barafu, watu watacheka. Barafu wanayoijua hapa ni ile ya friji, ya kupozea samaki na limonadi.

Hata hivyo ni kweli. Caravan imeangushwa na barafu huko Kanada, Marekani na Urusi, na si mara moja. Ilibidi wenye ndege, kiwanda na serikali za nchi hizo waiongezee vifaa na masharti ambayo haikuwa nayo ilipotoka kiwandani. Habari hiyo inawahusu wakaaji wa Bunia, Beni, Bukavu na Kindu kuliko wanavyofikiri. Si kwa sababu theluji itaanguka kesho juu ya Kavumu. Ni kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sekta ya ndege ndogo nchini Congo inakataa kulitazama: kila kifaa cha usalama kina kilo zake, na kilo hizo lazima zitoke kwenye mizigo. Pale ambapo hakuna anayekubali kuzitoa, kifaa kinabaki mapambo.

Barafu inavyoangusha ndege

Ndani ya wingu lenye baridi, matone ya maji yanaweza kubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri. Ndege inapoyagonga, yanaganda palepale: kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kwenye mkia, kwenye helisi inayovuta ndege, kwenye kioo cha piloti, hata kwenye mirija midogo inayopima mwendo.

Wengi wanafikiri hatari ni uzito wa barafu hiyo. Uzito upo, lakini ubaya mkubwa uko katika umbo. Bawa limechongwa ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika. Barafu nyembamba, yenye mikwaruzo kama karatasi ya msasa, inatosha kuivuruga. Hapo ndege inahitaji kwenda mbio zaidi ili ibaki hewani, huku barafu hiyo hiyo ikiipunguzia mbio. Moteri inasukuma kwa nguvu zake zote na bado mwendo unashuka. Mwisho bawa linaacha kubeba, na ndege inaanguka ghafla. Mara nyingine inaanguka kabla kengele ya onyo haijalia, kwa sababu kengele ile ilipangwa kwa bawa safi.

Caravan iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1982 na kupata cheti chake mwaka 1984. Sifa zake ndizo zilizoifanya ipendwe Congo: mabawa ya juu, nguzo imara zinazoyashika, magurudumu yasiyokunjwa yanayovumilia pisti za udongo, sanduku la mizigo chini ya tumbo. Katika wingu la barafu, kila kimoja kati ya hivyo ni mahali pa barafu kushika. Tena moteri ni moja tu. Hakuna akiba ya nguvu ya kusema ndege itapanda haraka juu ya wingu na kutoka.

Sheria zilizokuja nyuma ya misiba

Caravan zilizofanya kazi katika nchi za baridi zilifungwa mipira kwenye ukingo wa mbele wa mabawa na mkia. Piloti akiona barafu, anawasha mtambo, hewa kutoka kwenye moteri inaijaza mipira, nayo inavimba na kuipasua barafu. Ni ufundi wa tangu miaka ya 1930. Kwa vifaa hivyo, ndege iliruhusiwa kwenye karatasi kuingia katika mawingu ya barafu.

Karatasi ilisema hivyo, lakini ndege ziliendelea kuanguka. Mwishoni mwa mwaka 2004, NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, lilieleza kwamba limepitia visa 26 vya barafu vilivyohusu aina hiyo ya ndege. Watu 36 walikuwa wamepoteza maisha ndani yake.

Ajali tatu za miaka ile zinastahili kusomwa na kila mtu anayepakia ndege mashariki ya Congo.

Ya kwanza ilitokea tarehe 17 Januari 2004 katika kisiwa cha Pelee, Kanada. Caravan yenye piloti mmoja na abiria tisa, wengi wao wawindaji waliokuwa wakirudi nyumbani, iliruka na barafu ikiwa kwenye mabawa yake. Ilianguka ziwani muda mfupi baadaye na wote kumi walikufa. Wachunguzi wa Kanada waligundua kwamba barafu haikuwa peke yake. Ndege ilikuwa imezidisha uzito unaoruhusiwa kwa asilimia 15 au zaidi. Kwa Caravan kubwa, hizo ni zaidi ya kilo 500, sawa na mifuko kumi ya simenti. Abiria walikuwa wamehesabiwa kwa uzito wa kukadiria, ule wa kwenye jedwali, wala hakuna aliyewapima.

Ya pili ilikuwa tarehe 6 Oktoba 2005 katika mji wa Winnipeg, hapo hapo Kanada. Piloti alikuwa peke yake na mizigo. Alikutana na barafu muda mfupi baada ya kuondoka, akajaribu kurudi kiwanjani, hakufika. Uchunguzi ulionyesha tena kwamba ndege iliondoka ikiwa imepita uzito unaoruhusiwa, na hasa ule mdogo zaidi unaoruhusiwa wakati wa barafu.

Ya tatu ilitokea Urusi, tarehe 19 Novemba 2005, ndege ikishuka kuelekea Moscow. Watu wanane walikufa.

Baada ya misiba hiyo sheria zilianza kufuatana. Mwaka 2005 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliwaamuru mapiloti wa Caravan kugusa bawa na mkia kwa mkono kabla ya kuruka wakati wa baridi, kwa kuwa jicho peke yake hudanganywa na barafu inayong'aa kama rangi. Mwaka 2006 iliamuru kwamba ndani ya barafu mwendo usishuke chini ya kilomita 222 kwa saa, na kwamba piloti akishindwa kuushika, atoke mara moja. Mwaka 2007 ikadai kifaa cha kumwonya piloti kwamba mwendo unashuka. Ndege isiyo nacho isiingie tena katika barafu.

Kati ya cheti cha mwaka 1984 na amri hizo ilipita miaka zaidi ya 20. Na hiyo ni nchi yenye wachunguzi, maabara na pesa.

Bawa linalotoa jasho

Kando ya sheria, mafundi nao walitafuta njia nyingine. Njia iliyoenea kwa Caravan inaitwa TKS, na asili yake ni Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege inaingizwa katika karakana. Mafundi wanafunika ukingo wa mbele wa mabawa, mkia na nguzo kwa mabati membamba ya titani yaliyotobolewa matundu mengi madogo sana. Ndani wanaweka tangi, pampu na mirija. Piloti akiwasha, maji mazito ya glikoli yanatoka polepole katika matundu yale kama jasho na kutandaa juu ya bawa. Helisi inapata yake na kioo kinapata yake. Mipira inangoja barafu ishike ndipo iipasue. Jasho hili linaizuia isishike.

Kazi hiyo haifanywi na fundi yeyote kwa ujuzi wake tu. Kampuni inayotaka kuongeza kifaa kwenye ndege ambayo haikuiunda lazima ipate cheti cha nyongeza kutoka mamlaka ya anga, baada ya kuonyesha kwa hesabu na kwa majaribio ya kuruka kwamba nyongeza haiharibu ndege. Na vyeti hivyo si sawa. Kuna ndege ndogo ambazo kifaa chake kinaruhusiwa kwa kukimbia tu: piloti akijikuta katika barafu kwa bahati mbaya, kinampa dakika za kugeuka. Kuna nyingine zilizothibitishwa kuingia katika barafu inayojulikana, zikiwa na pampu za akiba na majaribio mengi zaidi. Kwa macho ya abiria mabawa hayo yanafanana. Tofauti yao iko katika kitabu cha ndege, na piloti anayeichanganya anacheza na maisha ya watu.

Kisha kuna swali la kilo. Tangi la Caravan linabeba karibu lita 79 za maji hayo. Likijaa, ni kilo zaidi ya 80, kabla ya kuhesabu mabati, pampu na mirija. Huyo ni abiria mmoja mwenye afya na begi lake. Katika kila safari ambayo tangi limejazwa, kiti kimoja kimekwisha kulipwa kwa usalama. Mwenye ndege anayenunua kifaa hicho kisha akaweka abiria yule yule wa mwisho hajanunua usalama. Ameongeza uzito katika ndege ambayo, kama ile ya Pelee na ile ya Winnipeg, ilikuwa tayari nzito kupita kiasi.

Tena maji yale yanaisha. Baada ya saa chache tangi ni tupu, na wingu liko palepale. Ndiyo maana mapiloti wazoefu wa nchi za baridi wanakihesabu kifaa hicho kuwa mlango wa kutokea. Wasiojua wanakigeuza kuwa ruhusa ya kuendelea.

Hapa hakuna theluji

Mwenye ndege wa Bunia au wa Bukavu anaweza kujibu kwamba hayo yote ni ya wazungu na baridi yao. Jibu lake lina ukweli. Karibu na Ikweta, mahali ambapo joto la hewa linafika sifuri ni juu sana, karibu mita 5000. Ushahidi unaonekana kwa macho katika eneo la Beni: theluji ya Rwenzori imejishikiza kwenye vilele tu, na kilele kikubwa kina mita 5109. Caravan haina mtambo wa kuongeza hewa ndani, kwa hiyo ikiwa na abiria hukaa chini ya hapo. Kumtaka kila mwenye Caravan mashariki ya Congo afunge mabati ya titani itakuwa kutupa pesa ambazo zingeokoa watu zaidi mahali pengine.

Lakini mambo mawili yanazuia kufunga mjadala hapo.

La kwanza, barafu ya nchi za joto ipo, ila inajificha. Ndege ndogo za moteri ya petroli zenye karbureta zinaweza kupata barafu ndani ya moteri hata nje kukiwa na nyuzi 25, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke inapoza hewa ghafla, na hewa yenye unyevu, kama ile ya juu ya msitu, inaganda kwenye mdomo wa karbureta. Moteri inapoteza nguvu kidogo kidogo mpaka inazimika. Dawa yake ni mpini mmoja wa kuleta hewa ya moto, na piloti aliyefundishwa kuuvuta mapema. Juu zaidi, ndani ya mawingu makubwa ya mvua ya Ikweta, kuna barafu hata kwa ndege kubwa. Tarehe 1 Juni 2009 Airbus ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka baharini na watu 228. Ilikuwa imepita katika mawingu ya ukanda wa joto. Chembe za barafu ziliziba mirija ya kupima mwendo, mapiloti wakapoteza vipimo, kisha wakaipoteza ndege.

Katika msiba huo kuna jambo ambalo halipaswi kusahauliwa. Kasoro ya mirija ile ilikuwa inajulikana. Mirija mipya ilikuwa imepatikana, na kazi ya kuibadilisha katika shirika lile ilikuwa imeanza. Zamu ya ndege ile ilikuwa haijafika.

La pili, ndege za Congo nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kufanya kazi kwingine, pamoja na vifaa vyao. Caravan iliyotoka nchi ya baridi inaweza kuja na mipira yake kwenye mabawa. Mpira huo hauvumilii jua kali miaka na miaka. Unapasuka, unatoboka, unabanduka. Kifaa kilichoandikwa katika makaratasi ya ndege lakini hakifanyi kazi ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu siku moja piloti mgeni atasoma makaratasi na kukiamini. Ni hivyo hivyo kwa rada ya mawingu, kwa kifaa kinachoonya kwamba mlima uko mbele, kwa redio ya pili. Hivyo ndivyo vifaa ambavyo mashariki ya Congo inavihitaji leo, kwa kuwa hapa kinachoua ni mvua, milima, pisti mbaya na mizigo kuliko barafu. Funzo la Caravan linabaki lile lile: kifaa kifungwe kwa cheti, kitunzwe, na uzito wake utolewe kwenye shehena.

Nani alipe?

Wakaaji wa Goma hawahitaji kukumbushwa maana ya ndege ndogo kuanguka. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni ilianguka juu ya nyumba katika mtaa wa Mapendo, mara tu baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakiwa majumbani mwao. Barafu haikuhusika. Lakini familia nyingi zilizofiwa ziliuliza maswali yale yale yaliyoulizwa Pelee: ndege ilikuwa katika hali gani, nani aliikagua, nani alisema iruke?

Tangu mwaka 2006 mashirika ya ndege ya Congo yamo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya yale yasiyoruhusiwa kuruka huko. Orodha hiyo haimzuii mtu wa Shabunda au wa Walikale kupanda ndege, kwa sababu mara nyingi hana njia nyingine. Barabara zimekufa au zina watu wenye silaha. Na mwanzoni mwa 2025, vita vilipofunga kiwanja cha Goma kisha kile cha Kavumu, kila mtu aliona jinsi eneo zima linavyotegemea pisti chache na ndege chache. Ndege zikipungua, kila kiti kinagombaniwa, na anayesimama mlangoni na orodha ya mizigo anasukumwa kutoka pande zote. Mfanyabiashara ana bidhaa zake. Hospitali ina dawa zake. Mkubwa fulani anafika dakika ya mwisho na mabegi manne na wasaidizi wawili. Kumwambia mkubwa huyo kwamba uzito umetimia kunahitaji moyo, hasa kama mshahara wa mwezi uliopita bado haujalipwa.

Ndiyo maana haifai kumwachia piloti peke yake mzigo huo. Kuna mfano mmoja wa kuangaliwa, nao unatoka Alaska, jimbo la Marekani ambalo vijiji vyake vingi havina barabara, kama vile sehemu kubwa za Maniema na Tshopo. Kuanzia mwaka 1999 serikali ya Marekani iligharamia, kwa mpango ulioitwa Capstone, kufungwa kwa vifaa vipya katika ndege ndogo zilizokuwa zikihudumia eneo la Bethel: vya kumwonyesha piloti mahali alipo, milima iliyo mbele yake na ndege nyingine. Ndege zilikuwa za watu binafsi, vifaa vilikuwa vya serikali, na ajali zilipungua. Serikali ilikuwa imeelewa kwamba pale ambapo ndege ndiyo barabara, usalama wake ni kazi ya umma kama lami ilivyo kwingine.

Congo haina pesa za Marekani. Lakini hatua za kwanza hazihitaji mabilioni.

Kwanza, mizani. Baada ya Pelee, wachunguzi wa Kanada walidai abiria wa ndege ndogo wapimwe kwa uzito wao wa kweli, kwa sababu katika ndege ya watu tisa au kumi, watu wanne wanene wanabadilisha hesabu nzima. Mamlaka ya Anga ya Kiraia, AAC, inaweza kuagiza hivyo hivyo katika kila kiwanja kinachopokea ndege ndogo: mtu apande mizani akiwa na begi lake, namba iandikwe, piloti aipate kabla ya kuwasha moteri. Mizani ya kupimia magunia ya maharagwe iko katika kila soko la Kivu na Ituri. Haiwezekani maharagwe yapimwe kwa uangalifu kuliko watu.

Pili, ukweli wa vifaa. Kila ndege inayobeba abiria iwe na karatasi moja, kwa lugha ambayo abiria anaelewa, inayoonyesha vifaa vyake vya usalama: kipi kinafanya kazi, kipi kimezimwa, kipi kilikaguliwa lini. Kilichoharibika kitengenezwe au kiondolewe katika makaratasi. Mkaguzi wa AAC anayekuta mipira iliyopasuka kwenye bawa la ndege iliyoandikwa kwamba inaweza kuingia katika barafu asimamishe ndege hiyo pale pale, hata kama jua linawaka.

Tatu, kumlinda piloti anayerudi. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Caravan inamtaka piloti aondoke ndani ya barafu mara mwendo unaposhindikana. Sheria hiyo ina nguvu mahali ambapo piloti anayegeuza ndege hafukuzwi kazi. Mashirika ya kiutu, kampuni za madini na ofisi za serikali zinazokodi ndege mashariki ya Congo zinaweza kuandika katika mikataba yao kwamba safari iliyorudi kwa sababu ya hali ya hewa au ya uzito italipwa. Wao ndio wateja wakubwa, na neno lao lina uzito kuliko semina kumi.

Nne, ripoti. Funzo la Caravan linajulikana leo kwa sababu Kanada na Marekani ziliandika sababu za kila ajali na kuziacha wazi kwa kila mtu. Congo ina BPEA, ofisi yake ya kudumu ya kuchunguza ajali za ndege. Ripoti zake zinapaswa kufika kwa umma mapema, na muhtasari wake usomwe katika redio kwa Kiswahili na Kilingala. Familia ya Mapendo au ya Shabunda inayo haki ile ile ya kujua kama familia ya Winnipeg.

Kuhusu pesa za vifaa vyenyewe, serikali inaweza kuanza kwa kuondoa ushuru na kodi juu ya vifaa vya usalama vinavyoingizwa kwa ajili ya ndege zenye makaratasi safi. Mwenye ndege anayetaka kufunga rada au kifaa cha kuonya milima asitozwe kama mtu anayeingiza gari la kifahari. Kwa kubadilishana, AAC idai tarehe: kifaa fulani kiwe kimefungwa mwezi fulani, la sivyo ndege isibebe abiria. Pasipo tarehe, kila mmoja atangoja zamu yake, na ile Airbus ya Rio ilionyesha kwamba ajali haingoji zamu.

Abiria pia ana sehemu yake, na si ndogo. Asubuhi moja, katika mstari ule wa pisti, mfanyakazi atamwambia mama fulani kwamba begi lake la pili linabaki, litakuja na ndege ya kesho. Mama atakasirika. Ana bidhaa za kuuza, ana watoto wanaomngoja, na kesho si ya uhakika. Watu walio nyuma yake wataanza kunung'unika kwamba begi moja haliwezi kuangusha ndege. Wawindaji wa Pelee nao kila mmoja alikuwa na begi lake na nyama yake. Mfanyakazi yule asipigiwe kelele. Begi libaki, na mama apande.